Pale Bata Anaponyamaza

Alasiri ile umeme ulikuwa umekatika, na mtaa ulikuwa umenyamaza kama mtu aliyeambiwa jambo na bado hajalimeza. Redio za madukani kimya, mashine ya kuchomelea vyuma kimya, hata majokofu yaliyozoea kunguruma nyuma ya kuta yalikuwa yamekata roho. Palipobaki na uhai ni kwenye kona tu, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya shule, kwenye benchi la ubao mmoja lililoegemezwa ukuta wa duka la cherehani. Mwenye duka, fundi mwembamba aliyempima kila mpita njia kwa macho, walimwita Sentimita. Kando yake alikaa Betri, mtengeneza simu, ambaye maneno yake hayakuwahi kuisha chaji. Mbele yao, juu ya kigoda, Bi Moto alikuwa akichochea mkaa chini ya birika lake la kahawa. Na mwisho kabisa wa benchi, kikombe mkononi na kahawa imeshapoa ndani yake, alikuwapo Mdomo, mtafsiri wa filamu, ambaye siku hiyo hakuwa amekuja kunywa wala kuzungumza. Alikuja kusikiliza.

— Mdomo, bata wako ataniua! — alisema Betri. — Jana nimecheka mpaka mke wangu akanipiga mgongo, akidhani nimepaliwa.

— Ulipaliwa kweli, — akasema Bi Moto. — Mimi na wewe tunatenganishwa na ukuta. Nilidhani mnachinja.

— Sasa mtu amfundishe bata kuimba, ampeleke kwenye mashindano, na bata akifika jukwaani alie kwikwi! Utaacha kucheka?

— Na yule mzee anavyomshikia bata kipaza sauti! Kwa heshima zote, kama anamshikia mchungaji.

Mdomo alitabasamu kwa midomo peke yake. Filamu yenyewe ilikuwa ya nchi za mbali, ya fundi saa mzee aliyeishi peke yake na bata, na bata huyo akaingizwa kwenye mashindano ya kuimba. Vichekesho mwanzo mwisho. Mdomo ndiye aliyeitia maneno, akapunguza sauti za kizungu na kuweka ya kwake juu yake: mzee yeye, jaji yeye, jirani mbea yeye. Juzi aliwagawia watu wa benchi flashi, bure, jambo ambalo si kawaida yake, na hakuna aliyemuuliza sababu, maana cha bure hakiulizwi.

— Mimi mwenzenu sikucheka mpaka mwisho, — akasema Sentimita, sindano mdomoni. — Pana mahali pale.

Kikombe cha Mdomo kikasimama hewani.

— Mahali gani? — akauliza Betri.

— Wakishatoka kwenye mashindano. Bata ameshindwa. Mzee anarudi nyumbani, anaingia jikoni, anaweka birika motoni. Halafu anasimama.

— Aah. Pale.

— Hapo hapo.

Kila mmoja akatazama chini mahali pake. Bi Moto akaacha kuchochea.

Ndipo hapo Mdomo alipokuwa akipasubiri, na hakutaka kupataja yeye kwanza.

Kazi hii ya kutafsiri hakuianza peke yake. Aliianza na mdogo wake, mtoto wa tumbo moja, katika chumba cha nyuma kwa mama yao, ambacho waliziba kuta zake kwa magodoro makuukuu ili sauti isirudi. Mdomo alichukua sauti za wanaume. Mdogo wake alichukua wanawake, wazee na wanyama, na vicheko vyote vilikuwa vyake. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, macho yote yako kwenye skrini, hakuna nafasi ya kuoneshana kwa mikono. Basi mdogo mtu alikuwa na alama yake. Alipotaka kuingia, alivuta pumzi fupi puani, yenye mguno mdogo mwishoni, kama mtu anayeanza kusema "lakini". Mdomo akiisikia tu, hunyamaza. Hata awe katikati ya sentensi, hunyamaza na kumpisha. Hawakuwahi kugongana.

Kisha mdogo mtu akaenda kutafuta kazi mbali. Alipiga simu kwa muda, akaacha. Simu yake ikawa haipatikani, waliotumwa kumtafuta wakarudi na habari za watu wengine. Mama yao akawa anazifua nguo zake na kuzikunja upya, ili zisishike harufu ya sanduku. Sasa ukoo ulikuwa umechoka kusubiri. Jioni hiyo hiyo baba mkubwa na shangazi walikuwa wanakuja kusema litakalosemwa, na asubuhi mama alimshika Mdomo mkono mlangoni. "Wewe ndiye uliyekaa naye kuliko sote. Nitakupigia kabla hawajafika. Ukisema nguo zikae, zitakaa. Ukisema zitolewe, nitazitoa kwa mikono yangu, na tutamwombea kama wanavyoombewa waliotangulia."

Mdomo hakumjibu, kwa sababu ya bata.

Siku aliporekodi filamu ile alikuwa peke yake, mlango umekomewa kwa ndani. Kwa sehemu ile ya jikoni alikuwa na mzaha wake tayari, mzuri, wa birika. Mzee aliposimama, Mdomo akafungua kinywa, na pembeni yake, upande wa kulia, akaisikia ile pumzi. Akanyamaza. Kwa mazoea tu akanyamaza, akampisha mwenzake, macho kwenye skrini, akisubiri aseme. Sehemu ile ikapita yote kimya. Bata akarudi na vituko vyake, na ndipo Mdomo alipokumbuka kwamba hapakuwa na mtu wa kumpisha.

Aliirudia rekodi. Pumzi ilikuwamo. Au alidhani imo. Aliirudia mpaka hakujua tena anasikia au anakumbuka. Ndipo akajiwekea agano: kama ni masikio yangu tu, basi ni hamu, na mtu unayemwonea hamu anaweza kuwa mzima popote alipo. Lakini kama mtu mwingine ataisikia, mtu ambaye sikumwambia, basi imo kweli. Na aliye hai hapumui katika chumba asimokuwamo.

Kwa hiyo akagawa flashi. Kwa hiyo alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

— Mimi niliona kifungo, — Sentimita akasema, akaichomeka sindano kwenye kola yake. — Nyie mnatazama nyuso, mimi natazama koti. Lile koti la mashindano limefungwa vibaya. Kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, na vyote vya chini vikafuata kosa. Mzee anakigundua pale jikoni. Anakishika. Hakifungui, anakishika tu.

— Alifunga kwa haraka, — akasema Betri.

— Sikiliza, wewe. Mtu anayejifungia mwenyewe huanzia chini au huanzia juu, na akikosea, mkono wa kulia ndio unaotangulia. Lile kosa ni la upande wa pili. Vile hukosea mtu aliyesimama mbele yako, anayekufungia.

— Si anaishi peke yake?

— Ndiyo nasema.

Bi Moto akajifunika vizuri mtandio, na hapakuwa na upepo.

— Umeanza, Sentimita. Umeanza. Mimi sikuona kifungo chochote. Niliona birika. Limechemka, linatoa moshi, kifuniko kinarukaruka, na mzee yupo hapo hapo, hatua moja. Haliondoi. Mnajua kwa nini haliondoi?

— Amezama kwenye mawazo.

— Anasubiri mwenzake aliondoe. — Akaisema polepole, akimtazama kila mmoja. — Kuna nyumba ambayo mmoja huweka na mwingine huondoa. Ukibaki peke yako, mkono wa kuweka unao, wa kuondoa huna. Marehemu mume wangu alipofariki, mimi niliunguza birika zima likawa jeusi kama sahani ya gramafoni. Nimesimama mbele yake, naliona. Nasubiri aseme, "Mama, maji!"

Betri akajikuna shingo.

— Na alisema? — Sentimita akauliza.

— Lete kikombe, nikuongezee, — akasema Bi Moto.

Mdomo akashusha pumzi. Kifungo. Birika. Mpaka hapo hakuna aliyetaja sauti. Akaonja kahawa yake, akaona imekuwa baridi kama maji ya mtungi, akainywa hivyo hivyo.

— Nyie wote mmeona vitu, — Betri akadakia, akasogea mbele mpaka benchi likalalamika. — Mimi nimemwona mtu. Yule mzee pale haigizi. Kaacha kuigiza. Ukutani pana kioo, mnakikumbuka? Kioo cha kunyolea ndevu. Anakitazama, na humo kwenye kioo macho yake yanakuja moja kwa moja kwako wewe uliyekaa kwenye kochi.

— Kamera ndiyo anaitazama.

— Nikasema hivyo hivyo. Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Sentimita, mara ya pili hakunitazama mimi. Alitazama pembeni yangu. Hapa. — Akaonesha juu ya bega lake la kushoto. — Nikamwita mke wangu aje aone. Akasema mzee anatazama mlango. Mlango wa chumba chetu!

— Filamu haibadiliki, bwana.

— Wewe ni fundi nguo, mimi ni fundi simu. Nimefungua simu za watu waliokufa nikakuta zimejichaji zenyewe. Wazee walisema—

— Waache wazee wapumzike, — Bi Moto akamkata. — Walisema mengi na hakuna hata moja la simu.

Kicheko kikapita, kifupi, kikaishia barabarani.

— Basi nisikilizeni kwa akili zenu. Kila nakala ni tofauti. Flashi inajua nani kaichomeka. Mwenye birika inampa birika, mwenye koti inampa koti. Inachungulia kwanza ndani ya nyumba, ndipo inacheza.

— Na wewe ikakupa mtu nyuma ya bega, — akasema Sentimita.

— Ndiyo.

— Nani?

Betri akafungua kinywa, akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kumwona akikosa neno.

— Nimeigeuzia televisheni ukutani, — akasema hatimaye. — Hilo tu.

Sentimita akacheka, lakini hakuwa na raha.

— Mimi nitawaambia ukweli wa yale mambo, na msiniulize nimeupata wapi. Yule mwigizaji alikufa kabla ya filamu kwisha. Wenye filamu wakafanya nini? Wakamtafuta mtu wa kimo chake, wakamvika koti lake. Ndiyo maana limefungwa na mtu mwingine. Yule aliyesimama jikoni hajui nyumba ile. Hajui birika linaondolewa vipi. Anajitazama kwenye kioo kwa sababu si uso wake.

— Mwenyezi Mungu! — akasema Bi Moto. — Sasa aliyerudi kucheka na bata mwishoni ni nani?

— Ndiyo maana nikawaambia sikucheka.

— Na bata! — Betri akapiga paja. — Bata mlimwona? Yuko nyuma, karibu na meza. Filamu nzima domo halifungi, anapiga kelele mpaka kwenye gari. Pale amenyamaza, shingo juu, anatazama mahali hapana kitu.

— Upande gani? — Mdomo akauliza.

Wakamgeukia wote. Walikuwa wamesahau kwamba yupo.

— Wa kulia, — akasema Betri. — Kwa nini?

— Nauliza tu.

— Hebu na wewe tueleze. Umekaa huko kama mgeni wa msiba. Pale ulinyamaza kwa nini?

— Hapakuwa na maneno.

— Wewe? Wewe hata jeneza likipita kwenye filamu unalitilia maneno! Ile filamu ya vita uliwapa maneno farasi. Leo birika linakushinda?

— Koo lilinikauka, Betri.

— Koo! Mdogo wako angekuwapo angemtafutia mzee hata kikohozi, — akasema Sentimita, kisha akajuta, akashika futi yake shingoni kwa mikono miwili. — Samahani, ndugu yangu. Ulimi umeteleza.

— Si kitu.

Mdomo akaona sasa ndiyo saa. Akaweka kikombe chini kati ya miguu yake, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu:

— Na kwa upande wa sauti je? Mlisikia nini pale?

— Sauti gani? — akasema Bi Moto. — Kimya.

— Kimya tu?

— Kimya cha ajabu. Hata birika lenyewe halikusikika.

— Sentimita?

— Kimya, bwana.

— Betri?

— Mimi niliongeza sauti mpaka mwisho, nikidhani flashi ina kasoro. Hakuna kitu. Mbona unatuhoji kama askari?

Mdomo akacheka. Akacheka kweli, kifua kikamfunguka, na joto likamshuka mpaka vidoleni. Hakuna aliyesikia. Ilikuwa hamu basi, hamu yake mwenyewe iliyomgunia sikioni. Mama atapiga, naye atamwambia nguo zikae. Zikae, Mama, zifuliwe, zikunjwe, mwenyewe atazikuta.

— Bi Moto, — akasema, — nimiminie mpya. Hii ilikuwa imekufa.

— Subiri nikamue birika. Mmenimalizia.

Wakati akiliinamisha birika, akatokea mwanamke kutoka ng'ambo ya njia, pasi ya mkaa mkononi, mdomo wa pasi umeachama. Alikuwa mpangaji mpya kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, aliyehamia wiki ile na kufua na kupigia watu pasi. Hakuna aliyejua jina lake bado, wala yeye hakuwajua.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Habari zenu, kaka zangu. Mama, umeme umeniacha na nguo za watu. Nigawie makaa mawili matatu niendelee.

— Chukua, mwanangu, mimi nimemaliza. Koleo hiyo hapo.

— Na ukae upumzike, — Mdomo akasema kwa ukunjufu, akasogea. — Nguo hazikimbii.

Mwanamke akasimama na koleo hewani.

— Sauti yako naijua.

— Huyo anajulikana mpaka kwa mbwa, — akasema Betri. — Ndiye wa bata.

— Wa bata! — Akacheka, akaweka mkono kifuani. — Wenye nyumba waliazima flashi, wakaiweka jana usiku. Mimi sikuona picha hata moja, televisheni ilikuwa mgongoni kwangu, nami napiga pasi. Lakini nimecheka peke yangu mpaka watoto wakawa wananicheka mimi.

— Afadhali wewe uliyesikia tu, — akasema Sentimita. — Sisi tulioona hatujalala.

— Ila kaka yangu, pana kitu kilinikera, usinichukie. — Akaweka kaa la kwanza ndani ya pasi, akalipuliza kidogo. — Kule mbele, mkishamaliza mambo ya mashindano. Yule mwenzako.

Mdomo akaacha kutabasamu.

— Mwenzake yupi? — akauliza Bi Moto.

— Yule mnayefanya naye. Alivuta pumzi, hivi, puani, na kimguno, kama mtu anataka kusema lakini. Nikajua sasa anasema. Nikainua pasi, nikamsubiri. Wewe umempisha, yeye hasemi. Kimya, kimya, kimya, mpaka pasi nikaiweka mahali pasipo pake, nikamuunguza mtu kola. — Akafunga pasi, akaitikisa, akamtazama Mdomo kwa uso wa kawaida kabisa, uso wa mtu anayetaka kujua na kwenda zake. — Alitaka kusema nini?

Mkaa ukalia ndani ya pasi. Barabarani hapakuwa na mtu.

Sentimita alikuwa ameitoa futi shingoni na kuizungushia kidoleni, akaizungusha mpaka ikaisha. Betri alimtazama mwanamke, akamtazama Mdomo, akatazama juu ya bega lake mwenyewe. Wote walikuwa wamekaa na yule kijana kwenye benchi hilo. Wote waliijua ile pumzi, maana ndiyo aliyoitumia hata kuomba zamu ya kusema katikati ya ubishi wao, na wote walikuwa wameitazama ile filamu kwa macho makali hivi kwamba hawakuisikia.

— Nimesema vibaya? — akauliza mwanamke.

— Hapana, mwanangu, — akasema Bi Moto. Birika tupu lilikuwa bado limeinama mkononi mwake. — Hukusema vibaya.

Simu ya Mdomo ikaita.

Aliiacha iite. Kisha akaiweka sikioni, na kwa vile benchi lilikuwa kimya kiasi kile, wote wakaisikia sauti ya mama yake, ndogo, ya upande wa pili.

— Mwanangu. Wako njiani. Niambie.

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa neno moja, zitolewe, na alikuwa ameshalikubali. Lilikuwa linasubiri pumzi tu, na pumzi Mdomo hakuwa nayo. Aliibana kifuani tangu mwanamke alipouliza, na bado alikuwa ameibana.

— Nakusikia, — akasema mama yake. — Mbona unavuta pumzi tu, mwanangu? Sema basi.

Mdomo akafumba kinywa. Kwa mazoea tu akakifumba, akaisogeza simu kidogo upande wa kulia, akampisha.